Mwani Katika Tangi la Zuhura

Bi Amina alinipigia simu nikiwa maabara, naosha vyombo baada ya somo la Kidato cha Tatu. "Mwalimu Mutheu," alisema, "dada yangu ametangulia. Tumemzika leo baada ya adhuhuri." Alisema kana kwamba ananipa habari za mtu niliyezoea kumtembelea kila mwezi, ilhali sikuwa nimekanyaga nyumba ile kwa miaka kumi na saba. Nilimpa pole, nikauliza mgonjwa alilala siku ngapi, nikaambiwa hakulala. Aliamka, akaswali, akakaa kitini, basi. Nilipokata simu nilijikuta bado nimesimama mbele ya bomba lililofunguliwa, maji yakimwagika bure, jambo ambalo mtu wa Kathonzweni, mahali pa ukame, hafanyi akiwa na akili zake timamu. Kesho yake asubuhi nilifunga safari kwenda Kitui. Mume wangu aliuliza marehemu ni nani kwetu. Nilimjibu kwamba alikuwa mama mwenye nyumba niliyopanga zamani, nikaishia hapo, kwa sababu ule mwaka niliokaa kwake sijawahi kumsimulia mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa kemia, nimehamishiwa shule moja ya mjini Kitui katikati ya kiangazi kilichokuwa kimeua ng'ombe huko Ikutha na kufanya foleni za mitungi ziwe ndefu kuliko foleni za benki. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa Baba Zuhura, Mswahili wa Kitui ambaye babu yake alitoka pwani na kulowea, muuza vipuri vya malori. Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyenionyesha chumba. Kilikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, meza ya kusomea, na kabati lenye milango miwili. Alifungua mlango wa kushoto: mtupu. "Huu ni wako," akasema. Akaweka kiganja juu ya mlango wa kulia bila kuufungua. "Huu usiguse." Nilidhani ameweka vyombo vyake vya thamani. Siku tatu baadaye, natafuta kitana kilichoanguka, niliona pindo la gauni la buluu limebanwa chini ya mlango ule, na kiatu kimoja cha kike, namba yangu hasa.

Kuta za chumba kile hazikunyamaza. Upande wa pili ilikuwa sebule, na ndani ya sebule kulikuwa na mngurumo wa pampu usiokoma, pamoja na harufu ambayo mwanzo sikuielewa, harufu ya chumvi na kitu kibichi, harufu ya ufuo wa bahari katikati ya vumbi la Kitui. Baba Zuhura aliniita jioni ya kwanza nikaone. Lilikuwa tangi la kioo refu kama kitanda cha mtu mmoja, lenye maji ya bahari, na ndani yake mawe, matumbawe laini yanayopunga kama vidole, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa manjano. Ndivyo nilivyopaswa kuona. Nilichoona kwanza ni nywele. Mwani wa kijani uliosokotana ulikuwa umeshika kila jiwe, umeteremka mpaka chini kwenye mchanga, unapepea na mkondo wa pampu kama nywele za mtu aliyelala chali majini. Tumbawe moja lilikuwa limebanwa na mwani likabaki kama ngumi iliyofungwa. "Hii ni kazi ya Zuhura," Baba Zuhura alisema. "Mtoto wetu. Alikuwa anasomea mambo ya bahari huko pwani. Likizo moja akaja na hivi vioo, na mawe, akasema, Baba, nataka mama aone ninachokiona. Hii ilikuwa safi, Mwalimu. Ungeiona. Mimi nafuata kila alichoandika, lakini hii majani inanishinda."

Maandishi yake yalikuwapo bado, kwenye vipande vya plasta nyeupe vilivyobandikwa kwenye kabati la chini ya tangi: chumvi, pampu ya pili, usizime. Zuhura alizama miaka miwili kabla ya mimi kufika. Alitoka na wenzake kuchukua sampuli, mkondo ukawachukua wawili, mmoja akaokolewa. Bahari haikumrudisha. Hayo sikuambiwa na wazazi wake. Niliyasikia jikoni, mama mmoja jirani akimnong'oneza mwingine huku wakimenya vitunguu vya maulidi, wakidhani nimevaa visikizio. Waliendelea kuitwa Baba Zuhura na Mama Zuhura, maana hapakuwa na mtoto mwingine wa kuwapa jina. Hata muuza nafaka wa sokoni aliwaita hivyo kwa sauti kubwa akipima ndengu, na mimi niliyekuwa nimebeba kikapu nilitazama pembeni kila mara.

Mama Zuhura hakulipenda tangi, au ndivyo tulivyojua. Hakuketi sebuleni. Chakula tulikula kwenye kimeza kidogo cha nje ya jikoni, mbaazi za nazi na chapati, au muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, aliyoipika vizuri kuliko mama yangu, na alipomsikia mumewe akitaja samaki alikuwa akisema bila kuinua macho, "Hicho kidimbwi chako kinakunywa maji ya watu. Kivunje, Baba Zuhura. Watoto wanalala na kiu." Alikuwa na haki. Joto la Kitui lilikuwa likikausha maji ya tangi ndoo baada ya ndoo, nasi tulijaza tena. Siku ambayo kuna maji machafu ya kutoa, hakukubali yamwagwe chooni. Aliyabeba mwenyewe kwa ndoo mpaka nyuma ya ukuta na kuyamwaga taratibu mahali pamoja, na pale palibaki mviringo mweupe wa chumvi usioota hata nyasi. Nilidhani ni ubishi wa mtu mzima. Siku hizi nikikumbuka jinsi alivyokuwa akiinama na ile ndoo, mkono mmoja chini ya kitako chake asiitikise, nashangaa nilikuwa nikitazama nini.

Nililichukua lile tangi kama swali la mtihani. Nilikuwa kijana, nimesoma, na nyumba yenye huzuni humfanya mgeni atafute kazi ya mikono. Nilimwambia Baba Zuhura kwamba mwani hauji bure. Unakula, kama kiumbe chochote, na tukijua unakula nini tutaufisha kwa njaa. Tuligundua kwamba tangu mvua zikatike alikuwa akijazia tangi kwa maji ya kisima cha kuchimbwa, maji mazito ya chumvichumvi yenye kila kitu kilichooza ardhini. Tukaacha, tukaanza kununua maji yaliyochujwa. Taa alikuwa akiziwasha kuanzia alfajiri mpaka saa za kulala, kwa sababu hakupenda kuona kioo cheusi. Tukazipunguza ziwe saa saba kwa siku. Jumamosi tulitoa mawe moja moja, tukayapiga mswaki ndani ya beseni la maji ya tangi, yeye anasugua, mimi nanyofoa kwa vidole, na mwani ule ulikuwa ukikatika kwa sauti ndogo inayofanana na nywele zikichanwa. "Taratibu," aliniambia mara nyingi. "Taratibu, Mwalimu." Tukaagiza konokono wa baharini ishirini kutoka Mombasa. Walikula wakashiba, na mwani ukaota juu ya migongo yao.

Likizo ya Aprili niliamua tulifunike. Mwani unataka mwanga. Ukiunyima siku tatu kamili unadhoofika, na matumbawe huvumilia. Nilieleza vizuri, Baba Zuhura akakubali, akaingia chumbani kwangu na kutoka na mablanketi mawili yaliyokuwa juu ya kabati. Tulizima taa. Tukafunika tangi upande hadi upande, tukachomeka pindo chini ili mwanga usipenye, pampu ikiendelea kunguruma ndani. Mama Zuhura alitokea mlangoni na unga mikononi. Alilitazama lile umbo refu lililofunikwa blanketi la mwanawe, katikati ya sebule yake, na uso wake ukabadilika.

"Mnamfunika nani?"

Mumewe akasema, "Ni siku tatu tu, Mama Zuhura."

"Hata wale wapiga mbizi walisema siku tatu," alisema, akarudi jikoni.

Baadaye ndipo nilipojua: walimtafuta siku tatu, ya nne wakakunja kamba zao. Katika siku zetu tatu hakuna aliyekula vizuri. Baba Zuhura alipita karibu na tangi akiburuta viatu, na mara moja nilimkuta ameweka sikio juu ya blanketi. Mimi mwenyewe, mtoto wa kanisa niliyelelewa kucheka habari za mizimu, nilikuwa nikipita sebuleni kwa haraka. Tulipofunua, mwani ulikuwa umepauka, unatoka kwa kuguswa tu kama pamba iliyolowa, na samaki wote wazima. Yule mzee alinishika mikono yote miwili. Baada ya wiki tatu mwani ulirudi, mzito zaidi.

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilianza kuandika kila kitu kwenye daftari: maji kiasi gani, taa saa ngapi, chakula mara ngapi. Niliagiza dawa za kupimia fosfeti, maana hicho ndicho chakula cha mwani, na kila Jumatano nilichota maji, nikatia matone, nikasubiri. Maji yakibaki meupe, hakuna fosfeti. Yakiwa buluu, ipo. Yalikuwa buluu ya wino. Baba Zuhura aliapa kwamba huwatilia samaki chakula mara moja tu, akitoka msikitini alfajiri, kiasi cha kuokota kwa vidole viwili. Nilimwamini. Nilichora alama kwenye kopo la chakula, na kopo lilikuwa likipungua polepole kama alivyosema. Basi fosfeti ilikuwa ikitoka wapi? Nilisumbuka kiasi kwamba darasani niliwageuzia wanafunzi swali hilo liwe zoezi. Mmoja akasema, "Labda kuna mtu anaongeza, Mwalimu." Nilimwambia asome swali vizuri.

Siku moja ya muhula wa pili shule ilikosa maji kabisa, tukafunga maabara, nikarudi nyumbani alasiri. Nilipoingia uani nilisikia kinu. Ulikuwa ni mlio niliouzoea siku za Jumamosi, nikidhani ni viungo vya pilau. Ukanyamaza. Nilivua viatu kwa sababu ya vumbi, nikapita korido bila kelele, bila nia yoyote. Mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu. Mama Zuhura alikuwa amesimama juu ya kigoda, kifuniko cha kioo ameegesha ukutani, mkono wa kanzu ameukunja, na mkono wake umezama mpaka kiwiko ndani ya maji. Kwenye ukingo kulikuwa na kibakuli cha dagaa waliotwangwa. Wale samaki walikuwa wamejaa kati ya vidole vyake, na mwani ulimzunguka kifundo cha mkono, naye alikuwa akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, laini, yenye kugombeza kidogo: "Haya, kula. Kula, mama. Umekonda. Kwani huko hawakupi kitu?"

Nilirudi nyuma mpaka uani. Na hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli, kwa sababu nisipousema hapa sitausema popote. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Ilikuwa furaha. Dagaa! Fosfeti tupu, kibakuli kizima kila siku! Nilikuwa nimepata jibu.

Jioni ile tulikula ndengu na chapati. Nilisubiri Baba Zuhura amege tonge la kwanza, nikasema kwa mzaha, kama mtu aliyeleta zawadi, "Leo nimemshika mwizi wetu."

"Mwizi gani?"

"Anayeulisha mwani. Muulize mpishi wetu anatwanga nini kila alasiri."

Niliendelea kueleza. Nilitaja dagaa, nilitaja buluu ya wino, nadhani nilitaja hata kipimo. Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Baba Zuhura alikuwa akimtazama mkewe. "Rukia?" akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita jina lake. "Wewe? Wewe uliyesema nikivunje?"

Mama Zuhura aliosha mikono kwenye bakuli ingawa sahani yake ilikuwa bado imejaa. Aliifuta polepole, kidole kwa kidole. "Mwalimu amesoma," alisema. "Anajua kupima." Hakunitazama. Asubuhi nilikuta chai imewekwa kwenye chupa, mikate imefunikwa, na yeye ameondoka kwenda Mwingi kwa mdogo wake, Bi Amina. Jina langu kwa Kikamba maana yake ni msafi. Niliwahi kumweleza hivyo wiki ya kwanza, akacheka, akasema ni jina zuri la kukaa nalo nyumbani.

Mwani ulikufa. Kemia haidanganyi. Ndani ya wiki sita mawe yalibaki wazi, kisha yakaanza kushika rangi ya zambarau, na lile tumbawe lililokuwa ngumi likafunguka, vidole vyote. Maji yangu ya Jumatano yalibaki meupe. Majirani waliitwa kuja kuona, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Baba Zuhura alikuwa akila mkate na chai, asubuhi na jioni, amesimama. Nilijaribu kumpikia, akala kwa adabu. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye korido badala ya sebuleni, miguu ameinyoosha kama mtoto. "Imekuwa safi sana," aliniambia. "Ndiyo ile ile aliyoacha Zuhura. Sijui ni kwa nini siwezi kuitazama." Nilitaka kumwambia aende Mwingi. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye wa kwenda Mwingi. Mwezi wa kumi na moja nilitumwa Nuu kusimamia mtihani, nikapita Mwingi kwenda na kurudi, mara zote mbili nikiijua njia ya kwa Bi Amina. Sikushuka. Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho, nikafunga nguo zangu za upande wa kushoto wa kabati, nikaondoka. Sikumuaga mwenye upande wa kulia.

Kwa miaka yote hii sijaogopa giza wala makaburi. Ninachoogopa ni mlio wa kinu alasiri. Nyumba ya jirani yetu Kathonzweni wakitwanga, hutoka nje nikatembea mpaka umalizike.

Nilipofika Kitui wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, wanawake ndani. Bi Amina alinikumbatia, akanikalisha, akanipa chai. Sebule ilikuwa ile ile, ila mahali pa tangi palikuwa patupu, sakafu yake imebaki nyeupe kuliko nyingine. Wageni walipopungua Baba Zuhura aliingia, amepinda mgongo, akakaa karibu yangu. Tulisalimiana. Nilitafuta pa kuanzia, naye akaniokoa kwa kuanza yeye.

"Nilienda kumchukua," alisema. "Wewe ulipoondoka tu. Nilikaa kwa Amina siku mbili, hataki kunisemesha. Siku ya tatu akaniuliza, wewe ukitoka msikitini, ukisimama pale kwa kioo, huwa unasema nini? Nikamwambia. Kwamba namsalimu. Namwambia mama yake ameamkaje. Basi akaenda kuchukua buibui lake tukarudi."

Baada ya hapo, alisema, walikuwa wakilisha pamoja, kila alasiri, yeye akifunga duka mapema. Dagaa walitwangwa hadharani. Mwani ulirudi ndani ya mwezi mmoja. "Sikuutoa tena," alisema. "Nilijua unatoka wapi, sasa nikautoe kwa nini? Tulikuwa tukifungua njia kidogo hapa mbele, tuwaone samaki. Samaki hawakujali." Walikaa hivyo miaka mingi, mpaka mwaka ambao stima ilipotea siku tano, pampu zikanyamaza, na kila kitu kikafa. Wakaosha mawe yote, wakayatia kwenye magunia, wakaenda nayo pwani wao wawili, hata Amina hawakumwambia. Wakamlipa mvuvi awafikishe pale alipozama Zuhura. Mama Zuhura, ambaye hakuwahi kukubali kuiona bahari tangu msiba, ndiye aliyeyateremsha majini kwa mikono yake, moja moja, akisoma dua. "Siku hiyo ndiyo tuliyomzika mtoto," Baba Zuhura alisema. "Akalala vizuri baada ya hapo. Mimi pia."

Kikombe changu kilikuwa kimepoa. Nilimwambia kwamba nilipita Mwingi mara mbili na sikushuka. Nilimwambia kuhusu ile jioni ya ndengu, kwamba nilikuwa nimefurahi, kwamba niliona alichokuwa akifanya na bado nikakileta mezani kama mzaha. Nilimwomba anisamehe.

Nje mtu alikuwa akikunja mikeka.

"Mimi nilikusamehe kitambo, Mwalimu. Kwanza sikuwa na kitu cha kukusamehe. Lakini yeye sijui. Hakuwahi kukutaja, na mimi sikumuuliza."

Nilisema asante. Nilikuwa namaanisha, kwani angeweza kunidanganya, na ningemwamini. Kisha Bi Amina akaita kutoka jikoni kwamba sahani hazitoshi, nikainuka nikaenda kuosha.